Darubini Isiyojali Mawingu

Kitu cha kwanza alichokiona Tumpe ni kifuniko. Kilikuwa bado kimeziba mdomo wa darubini, na mumewe, Ambwene, ameinama pale pale akizisifia pete za sayari ya Zohali.

"Baba Neema, hujafungua."

"Za siku hizi hazifunguliwi, mama Neema. Zinajua kilichoko angani, zinakuchorea."

Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa ikipiga bati. Baadaye, walipokwenda dukani kuchagua darubini nyingine, Tumpe alishika ya kizamani, bomba lenye vioo viwili tu. Muuzaji akamcheka.

"Dada, kukiwa na mawingu, hiyo itakuonyesha mawingu."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka."

"Usinitie aibu," mumewe akanong'ona, na wakarudi na kubwa zaidi, iliyoonyesha Zohali mchana kweupe.

Jioni moja anga likatakata. Tumpe akamwita uani. Ambwene, aliyekuwa sebuleni, hakubandua jicho kwenye darubini.

"Kwa macho utaona nini huko? Nukta tu. Njoo, huku inang'aa."

Miaka yote Tumpe alikuwa akiitwa anakwenda, anainama, anasema ni nzuri. Safari hii alibaki mlangoni.

"Ambwene," akasema, "tangu unioe, mimi na wewe hatujawahi kutazama nyota pamoja."