Chumba cha Tatu

"Vitatu," alisema Khole, akakitikisa kikombe cha kahawa kuonyesha kuwa imemtosha. Alikuwa keshalisema neno hilo tangu asubuhi mpaka ulimi umemchoka.

Elijah, kijana wa Kikenya aliyekuwa akiwauzia, alitabasamu kama mtu anayelipwa kwa kila jino.

Walikuwa ghorofani, ndani ya ukumbi wa hoteli moja ya Maskati, upande wa Bustan. Kiyoyozi kilipuliza baridi ya kuingia mifupani, na viatu vipya vya Khole, alivyovivaa ili kumridhisha bintiye Lamya, vilikuwa vimembana hata akavivua chini ya meza. Mbele yao zilitandazwa picha za nyumba za mapumziko za Malaysia: mabwawa ya kuogelea, vitanda vya shuka nyeupe pe, mataulo yamekunjwa mfano wa bata. Mtu hanunui nyumba, alieleza Elijah. Ananunua pointi, na kwa pointi hizo anakwenda kukaa wiki moja kila mwaka, yeye na watu wake. Vyumba vikizidi, na pointi zinazidi.

Kadi ya mwaliko ilitaka wazee waje wote wawili, mume na mke. Lamya ndiye aliyeileta. Alikuwa mtoto wao wa pekee, naye sasa ana mume na watoto wake, lakini picha zake zote za likizo tangu udogoni zilikuwa na pengo: akiwemo mama, baba hayumo, akiwemo baba, mama kabaki nyumbani.

"Wiki moja tu kwa mwaka," aliwaomba. "Sote, chini ya dari moja. Sitakuombeni kitu tena."

Khole alimjua mwanawe, si mtu wa kuombaomba. Alijua pia kwamba pointi zikipunguzwa, atakayebaki Maskati akimwagilia maua ni nani.

Mahfoudh alikaa ng'ambo ya meza, kanzu imenyooka kwa pasi, Lamya yuko katikati yao. Kila baada ya muda aligeukia dirishani na kutazama chini, kwenye maegesho, ambako gari lake lilikuwa limeachwa kivulini, injini inanguruma na maji ya kiyoyozi yanachuruzika chini yake.

"Mzee, umesahau kuzima gari," Elijah akamwambia.

"Sikusahau. Joto."

"Ai! Kwetu, kwa bei ya petroli, ukifanya hivyo wiki moja unauza hilo gari."

Mahfoudh hakucheka. Alivuta picha ya nyumba ndogo, akaigonga kwa kidole. "Tuchukue hii. Watu wazima wanne, vyumba viwili. Watoto watalala sebuleni kwenye kochi. Kuna haja gani ya kutupa pesa?"

"Wanne?" akauliza Khole.

"Wanne."

"Miye nnahesabu watano."

Elijah akamtazama huyu, akamtazama yule. "Wa tano ni nani, mama?"

Lamya aliinamisha kichwa. Mahfoudh akarudi dirishani kwake.

"Yupo," alisema Khole. "Husahauliwa tu."

Mtandio ulimteleza nywele zikachungulia, naye akauvuta upesi mpaka kwenye paji kabla Mahfoudh hajageuka. Elijah akadhani ni baridi. "Nipunguze eisi, mama?"

"Punguza, mwanangu, Mungu akuweke."

Kijana akapunguza. Aliporudi alijaribu kuwachangamsha, maana aliona biashara inamponyoka. "Sasa wazee wangu, hiki chumba cha tatu ni cha nini? Ama mzee anakoroma?"

"Alikuwa akikoroma," akajibu Khole, "mpaka jirani wakigonga ukuta. Ukuta wa mawe, usidhani wa mbao."

Lamya alipasuka kwa kicheko, mara ya kwanza siku ile. Hata masharubu ya Mahfoudh yalicheza kidogo.

"Na mlifunga ndoa wapi?"

"Tabora. Miye ndo kwanza nimehitimu chuoni, hata kusonga ugali sijui. Pilau ya harusi iliungua, wageni wakala wakasifu."

"Ilikuwa haijaungua sana," alisema Mahfoudh.

"Iliungua."

Mahfoudh alipangusa uso kwa kiganja, na Khole akaona jinsi alivyozeeka, mifuko chini ya macho kama ya mtu asiyelala kwake kwa amani.

"Khole, nimechoka," alisema kwa sauti ya chini. "Hujui nitakayoyasikia nikirudi."

"Nnayajua. Na miye nshachoka, tena zamani kuliko wewe. Mtazame mwanao."

Mahfoudh akamtazama. Lamya alikuwa anatafuna ukucha wa kidole gumba, vilevile alivyokuwa akiutafuna utotoni, amekaa mlangoni anangoja kuchukuliwa.

"Haya," akasema Mahfoudh. "Andika vitatu."

Lamya alimshika baba yake kwa mkono mmoja na mama yake kwa mwingine, akakaa hivyo hivyo. Khole aliviacha vidole vyake mkononi mwa bintiye, akafumba macho kidogo.

Elijah hakungoja mtu abadili mawazo. Alisukuma karatasi, Mahfoudh akatia sahihi, kijana akaigeuza upande wa Khole na kumpa kalamu kwa mikono miwili.

"Na wewe hapa, mama. Mahali pa mke."

Khole akatafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza, akavivaa kimoja kimoja. Kisha akamrudishia kalamu.

"Hapo si pangu, mwanangu, tangu Lamya ana meno ya utoto. Mwenyewe yumo garini, nenda kamwite. Gonga kioo taratibu, ana kisirani akiamshwa. Miye ndiye wa tano."