Mkuki Ndani ya Mkeka

Wakoli, soja wa langoni, aliubonyeza mkeka kwa kidole. Ndani yake mlikuwa na mkuki. Chelimo, aliyeuficha humo, alisimama kando akitabasamu hadi mashavu yakamuuma.

"Mbona huu mkeka mgumu hivi?"

"Umekauka, Mzee Wakoli. Ni wa densi. Ukiukunja utavunjika, halafu kwaya ikulaumu wewe."

"Kwaya yenyewe hamwimbi, mnapiga kelele tu. Pita." Kisha akashusha sauti. "Baba anaendeleaje?"

"Anakaa tu."

Baba yake Chelimo, Mzee Kimeli, alikuwa amefyeka nyasi za chuo hiki tangu mahali hapa palipokuwa shamba la mahindi. Mwaka jana mwanafunzi alidungwa kisu bwenini, na bodi ikapitisha sheria: atakayepatikana na silaha ndani ya ua, awe mkubwa au mdogo, anafukuzwa siku hiyo hiyo. Watu walishukuru. Kimeli mwenyewe alishukuru. Kabla wiki haijaisha alishikwa langoni, panga likiwa limefungwa kwenye baiskeli, akilipeleka mjini kunolewa.

"Ni la kazi, mwalimu," alisema.

Bwana Kipyego, mkuu wa chuo, alijua hivyo, maana ndiye aliyelinunua. Hata hivyo alimketisha mzee chini, panga mapajani, mpaka wanafunzi wote wakapita wakimtazama. Chelimo alikuwa miongoni mwao.

"Silaha haiulizwi ni ya nini," Kipyego aliwaambia, na baadhi yao wakacheka.

Tangu siku hiyo alipofukuzwa, Kimeli hatoki nyumbani kwake Kiplombe, hata kwenda kanisani. Akisikia watu wakipita njiani, anaingia ndani na kufunga mlango.

Leo Kipyego alikuwa akitukuzwa. Hema lilikuwa limejaa, mursik, yale maziwa ya mgando, ikinywewa, wazee wamefika kutoka Soy kumvika mavazi ya heshima. Mwenyekiti wa bodi, Mama Naomi, aliketi kando yake. Waandishi wa habari walikuwa wamepanga kamera zao mbele.

Nyuma ya hema, Sharon alimshika Chelimo mkono. Waliimba pamoja, walilala chumba kimoja, na ni yeye pekee aliyeuona mkuki.

"Umebakisha muhula mmoja. Rudisha hiyo kitu ulikoitoa, tafadhali. Utalala seli leo."

"Na Kipyego atalala wapi?" Chelimo alijibu, akautoa mkono wake.

Wazee walimvika Kipyego vazi la ngozi, wakamvisha kofia. Mikono yake, ambayo kwa desturi ingepewa mkuki, waliiacha mitupu kwa sababu ya ile sheria. Kwaya ikaingia ikiimba.

Chelimo akachomoka mstarini. Mkeka ukaanguka. Chuma kikametameta. Mwalimu mmoja aliruka akaangusha kiti. Kipyego akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga nguzo ya hema. Chelimo aliona anavyoogopa mbele ya wanafunzi wake, naye hakuharakisha.

Alipomfikia alipiga goti, akaigeuza ncha chini, akamtolea mkuki kwa mikono miwili kama binti anayemheshimu mzee wa ukoo.

Akina mama wakapiga vigelegele. Kipyego akapumua, akacheka, akaupokea. Akauinua juu kabisa, na kamera zote zikampata.

Chelimo akakifikia kipaza sauti.

"Mama Mwenyekiti, sisi wawili tumepatikana na silaha ndani ya ua wa chuo. Mimi naenda kufunga sanduku langu. Yeye anaondoka saa ngapi?"

Mama Naomi alizitazama kamera, akautazama mkono wa Kipyego uliokuwa bado juu, kisha akamnyooshea kiganja.

"Nipe funguo za ofisi, Bwana Kipyego."

Kipyego akainama sikioni mwa Chelimo. "Mwambie ni mzaha," alinong'ona. "Omba msamaha, mtoto wangu, mambo yaishe."

"Siombi," Chelimo alisema, mdomo wake ukiwa bado kwenye kipaza sauti.