Kitufe Kimoja

Tangu michezo yote ya video ya ngumi ipunguziwe vitufe kikabaki kimoja, ili hata mgeni wa leo aweze kushinda, sebule ya Zuwena pale Magomeni ilipoa. Zamani ukipigwa na Zuwena huondoki mpaka akufundishe pigo lililokulaza. Watu walikuwa wakishindwa makusudi, wakala ubwabwa, na umbea wa mtaa mzima ukapitia hapo.

Jioni hiyo alikuja shoga yake Kidawa, aliyeadimika kama mvua ya kiangazi. Zuwena akawasha skrini ya ukutani, wakaanza kucheza. Kidawa akabonyeza mara moja tu. Mpiganaji wake akaruka, akajipinda, akamlaza wa Zuwena kwa lilelile pigo la kimbunga ambalo Zuwena alilisotea miaka.

“Chali!” Kidawa akashangilia. “Na soda yangu sijaiweka chini!”

“Haya, umeniweza. Sasa kaa unifundishe.”

Kidawa akacheka. “Nikufundishe nini, shoga? Nimebonyeza tu.” Akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni.

Zuwena akajisogeza kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

“Basi nidanganye,” akasema. “Kaa tu, unidanganye.”