Kosa Ambalo Mama Halisikii Tena

Sheria inataka lugha ndogo isikike bila kosa, kwa hiyo kila mzee anayezungumza Kitalishi amewekewa kirekebishi sikioni, na hakiruhusiwi kutolewa. Nikizungumza na Mama, ambaye haoni tena, kifaa hicho hunyoosha maneno yangu, hata sauti, kabla hayajamfikia.

Katika Kitalishi, vijineno vinavyoonyesha kitu kimetoka kwa nani au kinakwenda kwa nani hukaa nyuma ya jina. Mimi nilisomeshwa kwa Kifarsi, hivyo tangu utotoni huviweka mbele. Mama alikuwa akicheka sana. "Mahrokh, umevaa tena viatu kichwani!" Kisha hunisahihisha, nami hukosea tena.

Leo nilimpelekea supu. "Mama, hii imetoka kwa shangazi," nikasema, na vijineno nikavipanga ovyo kwa makusudi.

Alisikiliza, uso umetulia. "Ahsante, dada. Unakisema vizuri Kitalishi. Wewe ni wa ukoo gani?"

"Ni mimi, Mama. Mahrokh."

"Mahrokh hasemi hivyo," alijibu kwa upole. "Yule wangu hukosea."

Nikakosea kwa kila namna niliyoijua, huku nikilia. Hicho kilio nacho sijui kilimfikia kikiwa kimenyooshwa vipi, maana alitabasamu, akanisogezea mto niketi kama mgeni, akaniomba, nikimwona binti yake huko mjini, nimwambie arudi nyumbani.