Shughuli ya Ukumbi wa Juu

Uvumi ulimganda Bi Mauza tangu Jumanne, alipokwenda Kariakoo kununua vitambaa vya meza. Wanawake wawili kwenye duka la mapambo walikuwa wakisimuliana, wala hawakumwona. Kuna binti wa Kiarabu, walisema, anaolewa na kijana wa watu wa samaki. Baba kakubali kusimama walii wa kumwozesha. Mama mzazi hajaambiwa.

Hajaambiwa. Akichambua mchele neno linakuja, akipiga pasi linakuja. Akawa anampigia simu bintiye Rawan asubuhi na jioni huko Tanga kwa baba yake, alikokwenda kujisomea. Rawan anapokea, anacheka, na Bi Mauza anapumua. Kisha anarudi kumdharau yule mama asiyemjua.

Jumamosi shughuli yenyewe ikamjia mikononi.

Bi Mauza ndiye msimamizi wa kumbi za chuo cha zamani, jengo la madirisha ya matao nyuma ya Mnazi Mmoja. Babu yake alisomesha humo kabla madarasa hayajawa kumbi za kukodisha, na yeye hakuacha mtu asahau. Asubuhi ukumbi wa chini ulikuwa na semina ya watu wa ofisini. Aliwatazama wakifunga sambusa kwenye karatasi za semina na kuzitia mikobani.

"Wasomi hao," alimwambia Husna, mpambaji wa ukumbi. "Wamekuja kujadili lishe."

Alasiri ukumbi wa juu ukaingia harusi. Ndoa ilikwisha fungwa msikitini. Hii ilikuwa shughuli ya wanawake, ya kumtoa bibi harusi. Mwenye shughuli alikuwa mama wa bwana harusi, Bi Mboni, mkaanga samaki wa kivukoni Magogoni. Bi Mauza alijifunika pua kwa ncha ya mtandio, ingawa mwenzake alikuwa kanukia udi kumshinda yeye.

"Kumbi zipo tele mji mzima. Mkaona mje mpande ngazi za hapa?"

"Bibi harusi ndiye aliyetaka, dada. Kasema pengine popote hatoki."

"Ana makuu. Sijui kayarithi kwa nani."

Bi Mboni akajishughulisha na ushungi wake.

Ni hao hao, Bi Mauza akajua. Watu wa samaki. Akamvuta Husna pembeni, karibu na ubao mkubwa wa darasa ambao sasa umefunikwa maua ya plastiki.

"Umeona upande wa bibi harusi? Hana shangazi, hana mama mdogo. Kaokotwa?"

"Labda wamewekewa ngumu nyumbani," Husna akasema.

"Mama yake mjinga tu. Mtoto hatoki nyumbani na harusi mkobani, mama asinuse. Huyo alikuwa anahangaika na ya watu. Wangu hawezi. Posa mbili nimerudisha, ya pili sikuwaacha hata wazee wakae."

"Na Rawan alisemaje?"

"Aseme nini? Mimi ndiye ninayejua nani anatufaa."

Husna akapanda kwenye kiti kufunga pazia ambalo lilikwisha fungwa.

Simu ikaita. Rawan.

"Shikamoo mama. Upo kazini?"

"Marahaba. Nitakuwa wapi tena? Nawasimamia watu wa samaki. Njoo uone viatu vyao."

"Kaa kitini, mama. Usisimame sana."

"Kaa na vitabu vyako wewe," akasema, na moyo ukatulia kabisa. Wake yupo Tanga. Aibu ni ya mwingine.

Dufu zikalia. Bibi harusi aliletwa kwa ngazi ya nyuma, kafunikwa shela ya kijani mpaka kifuani, kashikwa mkono na somo wake, mwanamke aliyemfunda. Vigelegele vikapanda mpaka kwenye boriti. Mbele kulikuwa na viti viwili vya heshima. Kimoja cha Bi Mboni. Cha pili, cha mama wa bibi harusi, kilitandikwa kanga mpya, na hakikuwa na mtu.

"Si wangekodi na mama," Bi Mauza akanong'ona mlangoni, mikono kifuani. "Wamekodi mpaka vijiko."

Mwanamke wa karibu alimtazama, akatazama sakafu.

Kisha Bi Mboni akainuka na sinia kichwani. Juu yake palikuwa na doti za kanga, udi na marashi: mkaja, haki ya mama, ya kumshukuru kwa ile nguo aliyojifunga tumbo siku alipomzaa binti. Harusi haijatimia mpaka mkaja ufike kwa mwenyewe.

Hapo Bi Mauza alishindwa kujizuia. Akacheka nyuma ya kiganja. "Sasa wataupeleka wapi? Watautundika ukutani?"

Sinia likapita kiti kitupu. Likapita safu ya kwanza, na ya pili. Wanawake wakavuta miguu, dufu zikanyamaza moja moja. Bi Mauza akasogea kulia ili asizibe mlango, wapite waende zao na vituko vyao.

Sinia likasogea kulia.

Bi Mboni akapiga goti mbele yake, akaliteremsha taratibu miguuni pake.

"Dada Mauza, bibi harusi anakuomba mambo matatu tu. Usiulize kabila letu. Usimtaje mumewe kwa samaki. Na usiondoke kabla hatujamfunua uso."