Jina la Nguruwe

Watoto walipoanza kumbeba mgongoni yule mtoto wa nguruwe na kumtafutia jina, Tusajigwe aliona nyama ya sikukuu inamponyoka. Mwaka jana familia yake ilishushia ugali kwa harufu ya mapishi ya jirani. Mwaka huu aliapa watakula cha bandani kwao.

"Mpeni jina muone," jirani yake, Mama Atu, akamtania kutoka ng'ambo ya ua. "Mtamlea mpaka azeeke, mmuwekee na kiti sebuleni."

"Jina nimeshampa mwenyewe, shoga. Anaitwa Krismasi, asije mtu akajisahaulisha."

Mama Atu alicheka mpaka akaushika ua.

Tusajigwe akamwaga pumba, akaita. Krismasi akaja mbio, akaegemeza pua juu ya mguu wake.

"Kula unenepe," akamwambia, lakini mguu hakuuondoa.