Makopo ya Krismasi

Efrazia alikuwa anazika mapambo ya Krismasi nyuma ya choo, jua la saa tano likimchoma mgongo, mama mkwe wake alipotokea na kigoda mkononi.

"Mkamwana, takataka ya wapi hiyo inayochimbiwa shimo la kufika kiunoni?"

"Ni makopo tu, mama. Yatawakata watoto."

"Mwaka jana yalikuwa hayakati?" Bibi Gati akaguna, akaenda zake kutafuta kivuli.

Efrazia aliyaponda kwa jembe mpaka yakawa bapa, akarudishia udongo, akakanyaga. Yalikuwa matano. Wiki tatu nyuma yalikuwa sita.

Ile ilikuwa Krismasi ya pili tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, na nyumba mpya zilikuwa ndogo. Sikukuu ilipokwisha, Efrazia aliamua kupunguza vitu. Aliketi sakafuni akagawa mapambo mafungu matatu. Minyororo ya karatasi na kengele za kadibodi, sandukuni mpaka mwakani. Maputo yaliyopasuka na matawi makavu, motoni. Fungu la tatu ni la kugawia watu, maana miaka ile kutupa kitu kizima ilikuwa kama dhambi.

Makopo ndiyo hakujua ayaweke wapi. Yalitoka kwenye josho la ng'ombe, ambako mume wake Joram alikuwa anachanganya dawa ya kupe. Amri ilikuwa kila kopo likiisha litobolewe na kufukiwa. Efrazia aliomba sita, akayasugua kwa majivu na mchanga mpaka yakang'aa kama fedha, akapanda maua ndani, akayapanga ukutani. Wageni walishangaa sana.

"Sikukuu ikiisha, yatoboe," Joram alimwambia. "Wakiyakuta hapa mimi nafungwa."

"Nitayatoboa."

Lakini kopo zuri, lenye mfuniko unaobana, mwaka ambao hata chupa ya mafuta ya taa unaazima! Moja aliliweka kwenye fungu la kugawa. Majivu hung'arisha kopo, kina mama. Hayatoi kilichojificha kwenye mshono wake.

Jirani yake Mokami, mjane, alilipokea kwa mikono miwili.

"Lina na mfuniko! Mama Heche, umenipa ndama mzima. Maziwa ya Robi paka hatayaona tena."

"Lioshe tu vizuri," Efrazia alisema. Hakusema kwa nini.

Robi alikuwa mtoto wa pekee wa Mokami, ana miaka mitatu. Jumatano moja alianza kutapika, kisha akakakamaa mwili mzima. Wanawake wakasema ni degedege. Walimbeba hadi zahanati, Efrazia akiwa ameshika miguu.

"Amekula nini?" tabibu akauliza.

"Maziwa tu," akasema Mokami.

"Maziwa tu hayafanyi hivi. Nani anajua kitu? Semeni upesi, nijue dawa ya kumpa."

Neno lilikuwa limefika mdomoni kwa Efrazia. Akamwona Joram amefungwa pingu. Akawaona watoto wake watano na chungu kisicho na kitu. Akalimeza.

Alfajiri Robi alikata roho. Tabibu akasema ni sumu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Mokami alikuja kuomba chumvi. Koti la kazi la Joram lilikuwa limening'inia mlangoni, linanuka dawa ya kupe kama siku zote. Mokami akalisogelea, akalinusa.

"Baba Heche bado yuko joshoni?"

"Bado."

"Na watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wote?"

"Wote, Mokami."

"Mungu awatunze."

Alichukua chumvi yake akaondoka. Efrazia hakulala. Kulipokucha ndipo alipotafuta jembe, akaenda kuchimba lile shimo nyuma ya choo.

Hata udongo alikuwa hajanawa, Bibi Gati akarudi mbio, kigoda amekisahau huko.

"Mgambo wamemchukua Mokami! Wamekuta kopo la josho ndani kwake. Wanasema amemlisha mwanawe sumu."

"Mokami? Mwanawe mwenyewe?"

"Ati anataka kuolewa tena, na mtoto alikuwa mzigo. Watu bwana, ulimi hauna mfupa."

Efrazia akamkabidhi mtoto mchanga, akaondoka vile vile, miguu mitupu. Njiani alikuwa anajifundisha maneno. Ni mimi niliyempa. Ni mimi. Alipofika kwenye ghala la pamba aliyasema kwa sauti, nayo yakatoka, na kwa mara ya kwanza tangu zahanati akavuta pumzi ikafika chini.

Ofisini, Mokami alikuwa ameketi sakafuni. Mwenyekiti Nyamhanga alikuwa anaandika.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nimekuja kwa habari ya lile kopo..."

"Niliiba!" Mokami akamkatiza. "Si nimeshasema, Mwenyekiti? Niliruka ua la josho mwenyewe, nikaiba, sikujua lina nini. Na kidole nimeshaweka." Kisha akamgeukia Efrazia, akasema polepole, kama mtu anayemsindikiza mgeni. "Mama Heche, nenda nyumbani. Mimi sina wa kupikia. Wewe wako watapikiwa na nani?"

Mwenyekiti akainua kalamu. "Na wewe, mama, ulikuwa unasemaje kuhusu kopo?"

Efrazia alimtazama Mokami, akamtazama Mwenyekiti, akaificha mikono yake ndani ya kanga.

"Hapana, Mwenyekiti," akasema. "Nilipita tu kumsalimia jirani."